Majina Saba ya Papa Gentille

Mtu akitaka kujua babu yake alikuwa nani, pale South End ya Louisville, Amerika, hakwenda maktaba wala hakufungua kompyuta. Alikwenda kwa Nshombo na soda mbili mkononi, moja ya kwake na moja ya mwenye elimu. Elimu yenyewe, tuseme ukweli bila kumvunjia mtu heshima, ilikuwa ya darasa la tano, na hilo la tano Nshombo aliliona zaidi kupitia dirishani. Lakini mpe jina la baba yako na la kilima mlichotoka, kisha uende kazini zamu moja. Ukirudi atakuwa amepiga simu Bukavu, amepiga simu kambi ya wakimbizi, amegombana na wazee watatu kwa WhatsApp, na babu yako yumo ndani ya kaye, lile daftari lake la jalada jeusi, ameketishwa kwenye mstari kwa kalamu ya bic ya bluu, hawezi tena kukimbia.

Mchana aliendesha foklifti kwenye ghala la viatu karibu na uwanja wa ndege, na hata huko hakuacha kujisifu.

"Mizigo na mababu ni kitu kimoja," aliwaambia vijana wa zamu. "Ukiweka cha juu kabla ya cha chini, vyote vinakuangukia kichwani."

Watu walimwita Papa Gentille, kwa jina la binti yake wa pekee. Jina la Nshombo lilibaki kwenye kitambulisho cha kazini, na mdomoni mwa mke wake Kavugho siku za hasira. Huyo Gentille, alipokuwa na miaka kumi na tisa, baba yake hakuchoka kumwonyesha wageni: "Mtazameni pua. Hiyo ni pua ya babu yangu Mugisho, imevuka bahari bila visa." Msichana alikuwa anatabasamu na kwenda jikoni.

Sasa, watu wa kilima chao cha Kacindye, huko Kivu ya Kusini, Kongo, walikuwa na chama chao Amerika: Chama cha Wana-Kacindye, makao yake Buffalo. Chama kilikuwa na kitabu kikubwa. Kila mwezi wa nane walikutana, na anayeingia alisimama mbele ya watu, akataja mababu saba kwa kichwa bila kusoma, akaandikwa kwa wino: mababu juu, yeye katikati, watoto wake chini. Aliyeandikwa hafutwi. Nshombo alikuwa ameingiza familia kumi na moja katika kitabu hicho. Yeye mwenyewe hakuwa ndani. Kila mwaka alikuwa na sababu. Mara gari bovu. Mara zamu ya Jumamosi. Mwaka mmoja alisingizia theluji, mwezi wa nane!

Majina saba hayakuwa shida. Aliyataja kama treni inayopita: Bisimwa, Mugisho, Ntakwinja, Rudasingwa, Mudahama, Kajangu, Cirimwami. Lile la nne alilipita mbio zaidi, kama mtu anayepita mbele ya geti lenye mbwa, maana Rudasingwa ni jina la ng'ambo, la Rwanda, na katika miaka ya vita jina kama hilo lilitosha kumtia mtu matatani. Aliwauliza watu wote maswali juu ya mababu zao, lakini jina hilo lilivyofika kwao hakuwahi kujiuliza.

Shida ilikuwa chini, kwenye mstari wa watoto.

Na shida hiyo aliipika mwenyewe. Mwaka wa 2013 mtu fulani wa jimbo la mbali alijiandikisha kwa mababu wa kununua, na chama kikafanya mkutano wa simu, watu arobaini kwenye laini moja, watoto wanalia, televisheni zinasema. Nshombo akaomba neno. Akanguruma. Karatasi za kambi zisihesabiwe, alisema, maana sote tulisimama foleni ile na tunajua zilivyoandikwa; wote tuliandikiwa tarehe moja ya kuzaliwa, ndiyo sababu Januari mosi South End nzima inazeeka siku moja. Kila mtoto anayeingia kitabuni aletewe mashahidi wawili, wasio wa nyumba yake, waliokuwepo siku ya kuzaliwa kwake. "Damu ni damu!" alisema. Watu arobaini wakapiga makofi kwenye simu. Ikaandikwa kuwa sheria ya nne.

Jikoni, mwiko wa Kavugho ulisimama ndani ya bugali.

"Papa Gentille," alisema simu ilipokatwa, "umesema nini?"

"Nimesema sheria."

"Umefungia mtoto wako nje, halafu wamekupigia makofi."

Maana Gentille hakuzaliwa na Kavugho. Aliokotwa mwaka wa 1996, wakati wa kukimbia vita, kando ya daraja moja. Nshombo aliamini kwamba chini ya jua wanaojua ni wanne tu: yeye, mkewe, rafiki yake Bagula na mke wa Bagula. Msichana mwenyewe hakuwa amejua, ndivyo alivyodhani. Na baada ya hapo hawakujaliwa mtoto mwingine. Kwa hiyo akiingia kitabuni kwa ukweli, angekuwa mti wenye mizizi saba na hakuna tawi, na mwanawe angesimama pale ukumbini akiona nafasi tupu chini ya jina la baba yake.

Mwaka wa 2015 chama kikamtumia neno: aje aandikwe, la sivyo awaambie wanachama kwa nini mwalimu wa mababu anaogopa kitabu. Nshombo akafikiri wiki mbili juu ya foklifti. Kisha akampigia simu Bagula.

"Bon," alisema Bagula, hata hakusubiri aombwe. "Nitaapa. Na Nsimire ataapa. Tulikuwepo siku ya kuzaliwa. Njoo utuchukue."

Bagula aliishi Westerville, juu kidogo ya mji wa Columbus, jimbo la Ohio, akitunza wazee wa Kiamerika ambao walimpenda kwa sababu alikubali kila hadithi yao. Ijumaa mchana gari la Nshombo likaegesha pale, Kavugho na Gentille wakiwa ndani. Walipokwisha kula, wanaume wakabaki sebuleni kufanya mazoezi ya uongo.

"Ilikuwa mvua," Bagula alianza, amefumba macho. "Mvua kubwa. Mimi nimeshika taa. Mkunga, Mama Spés, ananiambia, leta taa karibu. Jogoo akawika mara tatu—"

"Punguza jogoo," alisema Nshombo.

"Jogoo anasaidia."

"Jogoo na hizo mara tatu ni vya Petro, na Petro alikuwa anadanganya. Punguza."

Nsimire, mke wa Bagula, aliyekuwa anakunja nguo, akacheka mpaka akaketi juu ya nguo hizo. "Wewe Bagula taa umeshika lini? Watoto wako sita, mara zote sita nilikuita ukawa umekimbilia kwa jirani."

Gentille akatokea jikoni na sahani ya maandazi. "Papa Bagula, nilikuwa na kilo ngapi?"

"Tatu na nusu!"

"Nani alipima? Usiku, kwenye mvua?"

"Taa ilikuwepo, mtoto wangu. Si nimesema taa?"

Wote wakacheka, isipokuwa Nshombo, na Kavugho aliyekuwa anatazama mikono yake. Bagula naye alicheka, lakini alipochukua andazi hakulila. Alilishika tu.

Jumamosi asubuhi wakaondoka watano. Mbele ya Cleveland ziwa likatokea kushoto, pana, bila ng'ambo. Bagula akasema linafanana na la kwao. Kavugho akasema ziwa gani hilo limesahau milima. Walipofika kituo kimoja cha mapumziko, Bagula na wanawake wakaenda chooni, na Nshombo akabaki amesimama kando ya gari, ananong'ona majina yake. Bisimwa, Mugisho, Ntakwinja. Gentille akarudi wa kwanza, akaegemea mlango.

"Papa, leo Papa Bagula akiapa, ataandikwa nani?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Hapana. Ataandikwa yule msichana wa mvua na taa. Mimi simjui huyo."

Nshombo akaanza kufuta kioo cha gari kwa mkono wa shati.

"Najua, Papa. Tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Kule kliniki waliuliza kwenye fomu kama bibi yangu alikuwa na sukari. Mama akaandika ndiyo, akafuta, akaandika hapana, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Kwenye gari akalia, akaniambia."

"Miaka mitano," alisema Nshombo. "Miaka mitano, na wewe unanyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi sana na ile pua."

Nshombo akageuka akatazama ziwa, akajipangusa macho, akasema jua la Ohio ni kali. Mawingu yalikuwa yamefunika mbingu nzima.

"Mama alinipa hadithi yake," alisema Gentille. "Nataka ya kwako."

Basi akampa, pale pale, magari yakipita. Walikuwa wanatembea siku ya nne. Siku ya kwanza Kavugho alikuwa amemzika mtoto wao mchanga kando ya njia, na maziwa yalikuwa bado yanamtoka, yamelowesha kitenge. Darajani wakasikia kilio chini ya turubai la bluu. Mtoto wa miezi michache, amefungwa vizuri, safi, mtu alikuwa amemfunga kwa upendo. Nshombo akasimama juu ya daraja, akaanza kuuliza kila anayepita: mtoto wa nani? Mtoto wa nani huyu? Watu maelfu. Aliuliza tangu jua la asubuhi mpaka lilipoinama, sauti ikakauka. Hakuna aliyejibu. Kavugho alikuwa ameketi chini, na mtoto alikuwa tayari ananyonya.

"Donc," alisema Nshombo, "ile ndiyo siku nilianza kazi hii ya kuulizauliza watu mababu zao. Sijaacha."

Akafungua kaye, ukurasa wa mwisho, ambao hakuwahi kumwonyesha mtu. Kulikuwa na majina ya familia zote alizozisaidia, kumi na moja za Kacindye na nyingine nyingi, za vilima vingine. Mbele ya kila jina, neno moja.

"Kila familia, nikimaliza mababu, ninauliza kama utani: hamkupoteza mtoto njiani, upande wa daraja? Soma walivyojibu."

Gentille akasoma. Hapana. Hapana. Hapana. Ukurasa mzima.

"Na kila hapana," alisema baba yake, "nililala vizuri. Mungu anisamehe. Niliwatafutia kila mtu watu wake, na wako nikaomba nisiwapate."

Msichana alifunga kaye taratibu, akaliweka kwapani. "Siku moja ukipata ndiyo, uniambie. Nitakwenda kuwasalimu. Halafu nitarudi nyumbani." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayemsuta mzee wake: "Sasa mwambie Papa Bagula aache jogoo wake Ohio. He's a terrible liar."

Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa moja la East Side ya Buffalo, umejaa viti vya kukunja, sambusa, na watoto wanaokimbia chini ya meza. Mwenyekiti alikuwa Murhula, dereva wa basi la jiji, kijana wa tai nyekundu aliyependa sheria kama wengine wanavyopenda mpira. Kando ya kitabu aliketi Nabintu, mjane wa miaka themanini na mitano, mkubwa kuliko wote, anayetoa karanga kwenye mkoba na kutafuna kwa meno ya bandia aliyosema ni ya serikali.

Nshombo akasimama. Suti yake ya kahawia ilikuwa imembana, na watu wa familia kumi na moja walimpigia vigelegele. Akataja majina yake saba, mbio, bila kukwama. Makofi.

"Watoto?" aliuliza Murhula, kalamu juu.

"Mmoja. Gentille, huyu." Nshombo akanyosha mkono kwa rafiki zake. "Bagula na Nsimire wamekuja kuapa kwamba walikuwepo alipozaliwa. Wataapa vizuri, hata mvua imo. Lakini ni uongo. Hakuna mtu hapa aliyekuwepo alipozaliwa, hata mimi. Nilimkuta darajani mwaka wa tisini na sita. Mke wangu akamnyonyesha, mimi nikambeba. Ni mtoto wangu. Nisipoweza kumwandika, basi na mimi funikeni kitabu, nitarudi Louisville na majina yangu."

Karanga za Nabintu zikasikika ukumbi mzima.

Murhula akalegeza tai. "Muzee, kwa heshima... sheria ya nne. Ni wewe uliyeileta."

"Najua ni mimi. Nina masikio, nilijisikia."

Hapo Bagula akasimama. Hakufumba macho safari hii.

"Taa sikushika," alisema. "Lakini darajani nilikuwepo. Mimi ndiye nilimwambia amwache. Nilimwambia, Nshombo, tuna siku nyingi za kutembea, mwache, kuna watu nyuma watamchukua. Nilimwambia mara tatu." Akainua vidole vitatu. "Yeye akaendelea kuuliza mtoto wa nani. Kwa miaka kumi na tisa mtoto huyu ananiita Papa, na mimi najua nilisema nini. Hiyo naweza kuapa, kwa kitabu chochote mnachotaka."

Nsimire alimtazama mumewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Gentille akavuka ukumbi, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi karibu na Bagula, akamshika mkono, akamvuta aketi.

"Shahidi wa kuokotwa si shahidi wa kuzaliwa," alisema Murhula, lakini kwa sauti ndogo, kama anayeomba mtu ampinge.

"Wewe wa tai," alisema Nabintu, "nyamaza nitafune. Nshombo, rudia majina."

Akarudia. Bisimwa, Mugisho, Ntakwinja, Rudasingwa—

"Simama. Hapo unakimbilia wapi? Kila mwaka watu wanakimbia hapo hapo." Bibi alikung'uta maganda ya karanga. "Mama mkwe wangu alimpikia Rudasingwa uji, mzee kabisa, hana jino. Unajua alifikaje Kacindye?"

"Hapana, Mama," alisema Nshombo, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikia akisema hapana juu ya babu.

"Alikuja na mchuuzi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, mwaka wa njaa. Mtoto wa hivi." Akaonyesha urefu wa meza. "Mchuuzi akafia nyumbani kwa Mudahama. Mtoto akabaki, ameshika kamba ya ndama. Mudahama akauliza vilima vyote, mtoto wa nani? Hakuna aliyejibu. Akampa bugali, akampa shamba, akampa mke. Kwa hiyo, mwenyekiti, niletee mashahidi wawili waliokuwepo Rudasingwa alipozaliwa. Nitawasubiri. Karanga bado zipo."

Murhula akaweka kalamu chini. Kisha akageuza kurasa za kitabu, akafika ukurasa wake mwenyewe, akapandisha kidole: baba yake, babu yake, baba wa babu. Kidole kikasimama. Watu wa karibu wakachungulia. Palikuwa na Rudasingwa. Ukumbi mzima ukaanza kuhesabu vidole. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Hata sisi!" Mwingine, "Sisi pia, kupitia Ntakwinja!" Nusu ya Chama cha Wana-Kacindye, kwa sheria ya nne, ilikuwa nje barabarani, na sambusa bado hazijaliwa.

"Nani anataka sheria ya nne ibaki?" aliuliza Murhula.

Hakuna mkono, hata wa Nshombo. Wa Nshombo ulikuwa umefunika uso wake.

Wakaandika upya: mashahidi wawili waliokuwepo mtoto alipozaliwa, au alipopokelewa. Nabintu akasema yeye atakuwa wa pili baada ya Bagula. Hakuwepo darajani, alisema, lakini kwa umri wake anaruhusiwa kuwepo popote. Murhula akatazama dari, akaona kwamba leo sheria zimechoka, akakubali.

Kabla ya wino kushuka, desturi ilitaka majina yatajwe mara ya mwisho. Nshombo akayataja, na safari hii hakukimbia. Alipofika la nne alisimama hapo, akalitamka polepole lote, kama mtu anayefungulia geti na kumkuta mbwa amelala.

"Mahali alipozaliwa mtoto?" aliuliza Murhula.

"Andika darajani," alisema Gentille.

Ikaandikwa. Bagula, aliyekuwa bado ameshikwa mkono, akauliza kwa upole kama taa haiwezi kuongezwa hata pembeni, na Nsimire akamfinya.

Watu walianza kusogelea sambusa. Kavugho peke yake alikuwa amesimama mbele ya kitabu, anapitisha kidole: mababu saba, Nshombo, Gentille. Akarudi juu. Akashuka tena.

"Mwenyekiti," alisema, "na mimi nimeandikwa wapi? Aliyenyonyesha."

Murhula akageuza kurasa, mbele, nyuma. Kitabu kizima hakikuwa na nafasi ya wake. Akamtazama Nshombo kuomba msaada wa kisheria.

"Bon," alisema Kavugho. "Nileteeni hiyo bic."

Nshombo, mwanasheria wa mababu, mtu wa neno la mwisho katika South End yote, akafungua kinywa.

"Papa Gentille," alisema mkewe bila kugeuka, "una sheria nyingine?"

Hakuwa nayo. Akaja upande wa pili wa meza, akakishika kitabu kwa mikono miwili ili kisiteleze, na Kavugho akainama akaanza kuandika.